Mafuriko na Madaraja ya Barabara Kuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yakizidi, taarifa ya habari huwa ni ile ile: mawasiliano yamekatika. Malori yanapanga foleni, abiria wanalala ndani ya basi, nyanya zinaozea upande mmoja wa mto huku upande wa pili bei inapaa. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza siku hizo, pamoja na machache ambayo yangefaa kuulizwa kiangazi, kabla zabuni haijatangazwa. Mifano mingi ni ya huku kwetu. Michache imetoka mbali, kwa sababu huko walichunguza hadi chanzo kikajulikana.

Daraja lilikuwa la zege nene, halina hata ufa. Limeangukaje kwa maji?

Mara nyingi maji hayana ugomvi na zege. Yanakula ardhi iliyolibeba.

Chukua nguzo moja iliyosimama katikati ya mto. Mkondo unakuja kwa kasi, unaigonga nguzo usoni, na sehemu ya maji hayo inateremka chini ikifuata nguzo hadi kwenye mchanga. Hapo yanaanza kujisokota kuzunguka tako la nguzo, kushoto na kulia, yakichota mchanga na kuutupa nyuma. Aliyewahi kusimama ufukweni wimbi likirudi baharini anaujua mchezo huu: hujasogea hata hatua moja, lakini mchanga chini ya visigino umeshaondoka na wewe unaanza kuyumba. Tofauti ni kwamba nguzo ya daraja haiwezi kuhamisha mguu.

Shimo hilo lina kina ambacho wahandisi hukikadiria. Mwongozo unaotumika sana Marekani unasema kwamba nguzo yenye pua ya mviringo, iliyoelekezwa sawa na mkondo, inaweza kuchimbiwa shimo la hadi mara 2.4 ya upana wake, na katika maji yanayokimbia kupita kiasi hata mara 3. Nguzo ya upana wa mita 1.5, kwa hiyo, inaweza kupata shimo la mita 3.6 kwenda chini. Na hapo hatujahesabu kwamba mafuriko huweza kushusha kitanda chote cha mto kwa wakati mmoja. Msingi uliokaa mita 3 chini ya mchanga, ambao siku ya kumwaga zege ulionekana wa kina kweli kweli, unabaki unaning'inia.

Kisa kilichofundisha dunia ni cha Schoharie Creek, jimbo la New York. Tarehe 5 Aprili 1987 daraja la barabara kuu lilianguka katikati ya mafuriko ya majira ya kuchipua, magari yakatumbukia, watu 10 wakafa. Misingi yake ilikuwa mipana lakini imelazwa juu ya udongo, bila nguzo ndefu za kuzamishwa ardhini chini yake. Mawe ya kuikinga yalikuwa yameshasombwa miaka mingi nyuma na hayakurudishwa inavyotakiwa. Nguzo moja ikalala, sehemu za juu zikaifuata. Baada ya ajali hiyo Marekani ilianza kupima madaraja yake yote ya mitoni kwa swali moja: maji yakichimba, msingi utabaki kwenye nini?

Basi daraja likibaki limesimama baada ya mafuriko, limefaulu?

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika, na nitakaa kidogo kwenye swali hili.

Januari 2014 mafuriko ya Mto Mkundi yalikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Dumila. Gari lisingeweza kupita kwa sababu tuta la barabara linaloingia darajani lilikuwa limekwenda na maji. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, watu wa Garissa waliliona jambo hilo kwa sura nyingine: daraja la Mto Tana lipo, lakini barabara ya kulifikia upande wa Madogo imezama, na wasafiri wanavushwa kwa boti juu ya lami. Aprili 28, 2024 boti moja kati ya hizo ilipinduka na watu wakafa. Daraja zima, barabara hakuna.

Sababu yake iko kwenye ramani ya mradi tangu siku ya kwanza. Mto wenye bonde pana una sehemu mbili: mfereji wake wa kila siku, na uwanda ambao unautumia miaka ya mvua nyingi. Daraja ni ghali, tuta la udongo ni rahisi. Kwa hiyo mfereji unajengewa daraja la mita 50, na uwanda wa mita 400 unakatizwa kwa tuta. Kiangazi chote linapendeza. Siku mto unapodai uwanda wake, maji yaliyoenea mita 450 yanaambiwa yapite kwenye mlango wa mita 50. Yanajaa nyuma ya tuta, yanapanda, halafu yanapita mlangoni kwa kasi ambayo mto huo haujawahi kuwa nayo. Nguvu ya maji hukua kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Yanayokuja yamelala sambamba na tuta yanalazimika kukata kona pale ukuta wa daraja unapoanzia, na kona hiyo ndiyo inayoliwa kwanza. Tuta la udongo likishafunguka nyuma ya ukuta, halina muda.

Machi 2019 kimbunga Idai kilipoishukia Msumbiji, barabara ya kutoka bandari ya Beira kwenda Zimbabwe ilikatika kwa namna hiyo hiyo. Tuta lake lilikuwa limegeuka kuwa bwawa katika uwanda uliojaa maji, na bwawa hilo halikuwa limejengwa kuwa bwawa.

Dawa zinajulikana. Daraja refu zaidi, hilo la kwanza na la gharama. Milango ya ziada ndani ya tuta, mbali na mfereji mkuu, ili maji ya uwandani yapate njia yao. Kuta za kuongoza mkondo, zilizopinda taratibu upande wa juu wa mto, ili maji yaingie darajani yamenyooka. Na nyingine ambayo wanasiasa hawaipendi hata kidogo: kuishusha makusudi sehemu fulani ya barabara, mbali na daraja, na kuivika zege au mawe pande zote mbili, ili mafuriko makubwa kuliko yote yapite juu yake. Barabara inafungwa siku mbili, maji yanashuka, grada linakwangua tope, safari zinaendelea. Mwananchi ataona barabara imezama na kusema mkandarasi kala hela, kumbe hapo ndipo usanifu ulipofanya kazi yake.

Ukiniuliza, daraja zuri ni lile ambalo msanifu wake ameshaamua, akiwa bado kwenye karatasi, nini kiende kwanza maji yakizidi makadirio. Tuta linarudishwa kwa wiki. Msingi hurudishwa kwa miaka.

Kwani kalavati lenye matundu mengi si sawa na daraja? Mbona ni nafuu?

Ni nafuu, na kwa kijito kinachojulikana tabia yake linatosha. Tatizo la kalavati ni kwamba lina kuta nyingi ndani ya maji na halina uvumilivu wa takataka.

Mei 2023 barabara ya Kampala–Masaka ilikatika kwenye Mto Katonga. Hiyo ndiyo njia ya kwenda Mutukula na Rwanda, si barabara ya kijijini. Maji ya mvua za juu yalikuja kwa wingi, yakala kivuko kilichotegemea makalavati yaliyofukiwa kwenye tuta la kinamasi, na mamlaka ya barabara ya Uganda ya wakati huo, UNRA, ikalazimika kufunga njia na kuzungushia magari Mpigi–Sembabule. Machi 2020 ilikuwa zamu ya Kiyegeya, wilayani Gairo, kwenye njia ile ile ya Dodoma iliyokatika Dumila miaka sita kabla. Ukipanga visa vya namna hii utaona vinavyofanana: mto uliodharauliwa kwa sababu kiangazi unavukwa bila kulowa magoti.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likaachia. Makumi ya watu walikufa chini huko. Somo kwa wasanifu wa barabara kuu ni lile lile: tundu la kalavati lisipimwe kwa maji peke yake, lipimwe kwa gogo refu kuliko yote yanayoweza kushuka na maji hayo.

"Mafuriko ya miaka 100" maana yake yatatokea mara moja kwa miaka 100?

Hapana. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Yanaweza kuja mwaka huu na mwakani tena, mto hauweki kumbukumbu ya zamu. Ukichukua daraja litakaloishi miaka 50, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni karibu asilimia 39. Ukichukua kalavati lililosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 25 na likaishi miaka hiyo 25, uwezekano ni asilimia 64. Kwa lugha ya mtaani, ni zaidi ya kurusha shilingi.

Kwa hiyo msanifu huchagua namba mbili. Ya kwanza ni ya kupitika: mafuriko ambayo barabara itaendelea kutumika. Ya pili ni ya kunusurika: mafuriko ambayo barabara inaweza kuzama lakini msingi haung'oki. Marekani, daraja linalosanifiwa kupitisha mafuriko ya miaka 100 kwa kawaida msingi wake hupimwa pia kwa mafuriko ya miaka 500. Ukisoma ripoti ya usanifu ukakuta namba moja tu, uliza ya pili iko wapi.

Namba hizo zinatoka wapi ikiwa mto wetu haujawahi kupimwa?

Swali zuri, na jibu lake halifurahishi. Mito mingi ya Afrika Mashariki haina kituo cha kupima maji chenye rekodi ndefu isiyokatika. Ndiyo maana wasanifu wengi wameegemea modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1976 na maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini bonde lililokuwa msitu wakati ule leo ni mashamba na mabati, na paa la bati halinywi maji. Mvua ile ile inafika mtoni mapema na kwa pamoja.

Njia ya kujisaidia ni kwenda kuuliza. Wazee wanaoishi kandokando ya mto wanajua maji yalifika wapi El Niño ya 1997–98: kwenye mwembe ule, kwenye ngazi ya pili ya msikiti. Mpima ardhi akiweka chombo chake kwenye alama hiyo, anapata kipimo ambacho kompyuta haina. Kazi ya siku chache, na bado inarukwa.

Si linyanyuliwe juu tu, mambo yaishe?

Kunyanyua kunasaidia, lakini kunajibu sehemu moja tu ya tatizo. Nafasi kati ya maji ya mafuriko na tumbo la daraja inatakiwa ili magogo yapite, na kwa mito inayoshusha miti mizima nafasi hiyo iwe kubwa zaidi. Maji yakigusa mihimili, mambo hubadilika ghafla. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Likizama linapoteza kilo 1,000 kati ya hizo, karibu asilimia 40 ya uzito wake, wakati huo huo linasukumwa kwa ubavu. Na kama mihimili imeacha vyumba chini ya sakafu, hewa inanaswa humo na kulisaidia daraja kuelea.

Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipofika Louisiana, mawimbi ya ziwa Pontchartrain yalinyanyua vipande vya daraja pacha la barabara ya I-10 na kuvisogeza au kuvitumbukiza. Vilikuwa vimekaa juu ya nguzo kwa uzito wake, vikishikiliwa na viungo hafifu. Daraja jipya lilijengwa futi 30 juu ya maji, wakati la zamani lilikuwa kama futi 8 na nusu. Yale yalikuwa maji ya dhoruba, sio ya mto, ila hesabu ya kuelea ni hiyo hiyo. Msanifu anayejua daraja lake litazama siku moja anaweka matundu ya kutolea hewa kwenye sakafu, vizuizi vya zege vya kuzuia mihimili isiteleze, na vyuma vya kuifunga kwenye nguzo. Anaweka pia reli za pembeni zilizo wazi. Ukuta mzima wa zege pembeni unapendeza kwa picha ya uzinduzi, lakini maji yakifika hapo unakuwa tanga.

Kuna jambo jingine ambalo urefu wa nguzo hauwezi kulitibu peke yake, nalo lipo Jangwani, Dar es Salaam. Mto Msimbazi unashusha mchanga, unaumwaga bondeni, na kitanda chake kinapanda. Nafasi chini ya daraja inapungua kila masika bila mtu kugusa daraja. Unachimbwa, unajaa tena. Barabara ya Morogoro imefungwa pale mara nyingi kiasi kwamba madereva wa daladala wanajua njia ya kuzunguka kabla tangazo halijatoka. Mradi wa kuendeleza bonde hilo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, unajumuisha daraja jipya la mita 390. Sifa yake kubwa kwangu ni huo urefu, kwamba hatimaye bonde linavukwa kama bonde.

Nguzo nyingi nyembamba au chache nene?

Chache, kama mfuko unaruhusu. Nguzo nyembamba zilizopangwa mstari ndani ya maji ni chanja: gogo la kwanza likinasa, linanasa la pili, matete yanajaza, na baada ya saa chache una ukuta wa taka mbele ya daraja. Maji yanasukuma ukuta huo, na shimo linachimbika kana kwamba nguzo ina upana wa taka zote. Nguzo moja ya mviringo kwa kila mstari hunasa taka chache.

Mwelekeo nao una bei. Nguzo ya ukuta ambayo urefu wake ni mara 8 ya upana, ikipinda nyuzi 15 tu kutoka kwenye mkondo, shimo lake linakuwa mara mbili. Ikipinda nyuzi 30, linakaribia mara tatu. Mito nayo huhama. Kwa mto unaopenda kubadili njia, nguzo ya duara ni busara, maana haina ubavu.

Na jamani, mabomba ya maji na nyaya. Mara nyingi unakuta bomba limetundikwa ubavuni mwa daraja upande maji yanakotokea, chini kabisa ya mihimili, na furushi la majani makavu limening'inia hapo tangu masika iliyopita. Lihamishiwe upande wa pili, lipandishwe. Hiyo haihitaji mfadhili.

Mbona madaraja ya mkoloni bado yapo na ya juzi yanakatika?

Kwa sababu unayaona yaliyobaki. Yaliyokwenda na maji hayapo ukayahesabu. Ni kweli pia kwamba reli za zamani zilichagua mahali pa kuvukia kwa uangalifu, penye mwamba na mto mwembamba, hata kama njia ililazimika kuzunguka. Siku hizi barabara kuu inataka kunyooka, na daraja linajengwa pale mstari ulipoangukia.

Uchimbaji mchanga mtoni una uhusiano gani na daraja la barabara kuu?

Uhusiano wa moja kwa moja. Machi 4, 2001, daraja la Hintze Ribeiro huko Entre-os-Rios, Ureno, liliporomoka kwenye Mto Douro wakati wa mafuriko, basi na magari madogo yakaenda nalo, watu 59 wakafa. Lilikuwa limesimama zaidi ya miaka 110. Miaka ya uchimbaji mchanga ilikuwa imeshusha kitanda cha mto hadi nguzo ikapoteza ardhi yake. Waziri wa ujenzi, Jorge Coelho, alijiuzulu.

Shimo la mchanga halikai lilipochimbwa. Mto unalijaza kwa kula mchanga wa juu yake, na shimo linapanda polepole kuelekea daraja. Wachimbaji wa upande wa juu wa daraja nao huunyima mto mchanga wa kurudisha. Kaunti ya Makueni, Kenya, ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, baada ya mito yake kuchokonolewa vya kutosha. Kwingineko lori la mchanga bado linapakia ukiliona kutoka darajani, na wanaopakia ni vijana wanaotafuta mkate, kwa hiyo kuwafukuza bila kuwaonyesha pa kuchimba ni kuwahamishia daraja lingine.

Mawe na gabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) vinatosha kukinga msingi?

Vinatosha vikiwa na ukubwa unaostahili na vikiangaliwa. Uzito wa jiwe ambalo mkondo unaweza kulisogeza hukua kwa kipeo cha sita cha kasi, yaani kasi ikiongezeka mara mbili, jiwe linaloweza kusukumwa linakuwa zito mara 64. Jiwe lililotosha kwenye kijito cha jirani si lazima litoshe hapa. Chini yake panatakiwa tabaka la kokoto au kitambaa maalumu, vinginevyo mchanga unatoroka katikati ya mawe na mawe yanazama. Waya za gabioni hupata kutu, hukatwa na mawe yanayobingirika, na wakati mwingine hukatwa na watu wenye matumizi nazo nyumbani. Kwa daraja jipya, mawe yawe nyongeza, msingi ujitegemee. Kwa daraja la zamani mawe ndiyo mara nyingi tulichonacho, na yahesabiwe kila mwaka.

Drifti je? Ni ujinga kujenga barabara inayopitiwa na maji?

Sio ujinga kwa barabara ya magari machache, mradi ijulikane kwamba ni kivuko cha kusubiri. Zege lake haliinuki, halizuii taka, haling'oki kirahisi. Anayekufa kwenye drifti kwa kawaida ni msafiri, drifti inabaki. Desemba 4, 2021, basi lililobeba kwaya ikielekea harusini liliingia Mto Enziu, Kitui, maji yakiwa yameshafunika kivuko. Liliyumba, likalala ubavu, watu zaidi ya 30 wakafa mbele ya waliosimama kingoni. Maji ya sentimita 60 yanayokimbia huweza kubeba magari mengi ya kawaida, na basi lenye ubavu mrefu linasukumwa zaidi ya unavyodhani. Drifti isiyo na vigingi vya kuonyesha kina na ukingo wa barabara haijakamilika, hata kama mkandarasi amelipwa. Magari yakishakuwa mengi, mabasi yakishaanza kupita kwa ratiba, muda wa drifti umekwisha, jengeni daraja.

Maji yameshuka, mkaguzi ameangalia, anasema daraja ni salama. Niamini?

Inategemea ameangalia vipi. Shimo la tako la nguzo linafikia kina chake mafuriko yakiwa kileleni. Maji yakipungua kasi, mto unaanza kulifukia kwa mchanga na tope laini. Siku tatu baadaye mkaguzi anakuta kitanda cha mto kimelala sawasawa, anapiga picha, anaandika "hakuna athari". Lakini kilichojaa humo ni uji, hakibebi kitu.

Kwa hiyo mkaguzi mwenye kujua kazi yake hachungulii tu kutoka juu. Anachoma chini kwa fimbo ya chuma kuona inazama kiasi gani kirahisi. Analinganisha kina na vipimo vya mwaka jana, kama vipo. Maji yakiwa marefu anatumia kipima kina cha sauti au mpiga mbizi. Anatazama reli ya pembeni ya daraja kama bado imenyooka, maana nguzo ikizama hata sentimita chache, mstari wa reli unasema. Ukikuta shimo jipya kati ya lami na zege pale unapoingia darajani, au udongo wa nyuma ya ukuta umetitia, usisubiri ripoti.

Nimeona msingi wa daraja la kwetu umebaki wazi. Nimwambie nani, na nini?

Tanzania, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, nenda ofisi ya meneja wa mkoa. Za wilaya na mitaa ziko TARURA. Kenya, barabara kuu za kitaifa ni KeNHA, nyingine ni KeRRA, KURA au kaunti. Usipojua ni ya nani peleka kwa yoyote kati yao, ukiwa na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Piga picha maji yakiwa yamepungua, nguzo yote ionekane pamoja na mtu amesimama kando yake ili ukubwa ujulikane. Piga nyingine kutoka ukingo wa juu wa mto. Chora alama ya rangi kwenye nguzo, usawa wa mchanga wa leo, na andika tarehe. Baada ya mvua zinazofuata rudi upime kutoka alama ile mchanga umeshuka kiasi gani. Barua yenye sentensi "kati ya Machi na Juni mchanga umeshuka sentimita 70 kwenye nguzo ya pili" inasomwa tofauti na ile inayosema daraja ni bovu. Ukiona mchanga umefika chini ya uvungu wa msingi, mwanga ukapenya upande wa pili, piga simu polisi siku hiyo hiyo malori yazuiwe, barua itafuata.